Mbuzi Huyu Umemtoa Wapi?



Leo napenda tuongee juu ya jambo linaloondoa amani katika nyumba nyingi za Wakristo, nalo ni tuhuma juu ya pesa. Umaskini peke yake hauvunji nyumba. Wako watu wanaolala kwa uji mtupu na bado wanacheka pamoja. Lakini mke au mume akianza kuulizwa kila siku kama mwizi, "Hiki umekitoa wapi?", nyumba hiyo imo hatarini hata kama ina chakula tele.

Swali hili limo ndani ya Biblia. Chukua Biblia yako ya Kikatoliki, ufungue Kitabu cha Tobiti, sura ya 2, aya ya 11 hadi 14. Ikiwezekana, someni pamoja wewe na mwenzako.

Tobiti alikuwa Mwisraeli wa kabila la Naftali aliyepelekwa uhamishoni Ninawi. Alikuwa na kazi nzuri ya kumnunulia mfalme mahitaji yake. Aliwalisha wenye njaa, akawavika walio uchi na kuwazika maiti waliotupwa. Kwa sababu ya kuzika, mfalme aliyefuata alimnyang'anya mali yake yote. Baadaye kinyesi cha ndege kilimwangukia machoni, akapofuka. Mtu aliyekuwa akiwapa wengine sasa hakuwa na cha kutoa.

Hapo mkewe, Ana, akaanza kufuma nguo kwa malipo. Siku moja alipopeleka kazi yake, wenye kazi walimlipa ujira wote, na juu ya hapo wakampa mwana-mbuzi. Alipofika nyumbani mbuzi akalia. Tobiti akauliza ametoka wapi, akashuku kwamba ameibwa, akaamuru arudishwe kwa wenyewe. Ana akaeleza kwamba ni zawadi. Tobiti hakusadiki. Ndipo Ana naye akamrushia maneno makali: sadaka zako na matendo yako mema yamekufaa nini?

Ndugu msomaji, je, huoni kwamba nyumba hii inafanana na za kwetu? Baba ameachishwa kazi kiwandani. Mama sasa anafua nguo za watu au anauza sukuma wiki sokoni. Jioni moja anarudi na kuku aliyepewa na mwajiri. Badala ya kusikia "asante", anasikia, "Ni nani huyo anayekupa kuku?" Naye kwa uchungu anajibu, "Kama ungekuwa mwanamume kamili, ningeenda kuombaomba?" Watoto wanasikia yote. Kuku analiwa kimya kimya kama chakula cha matanga.

Tujifunze mambo matatu.

La kwanza: kuuliza si dhambi. Tobiti alikuwa mtu mwadilifu, na alifanya vema kutotaka kitu cha wizi nyumbani mwake. Kosa lake ni kwamba alipojibiwa hakusikiliza. Alikuwa amekwisha kata shauri. Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Macho ya Tobiti yalikuwa yamekufa tayari. Hatari ilikuwa moyo nao kufuata, ashindwe kumwona mke aliyekuwa akimlisha. Baba uliye nyumbani bila kazi, aibu yako ni mzigo mzito, lakini usimtwike mkeo kwa jina la tuhuma.

La pili: ukiumizwa, usipige penye kidonda. Ana alikuwa na haki ya kujitetea. Hakuwa na haja ya kudharau mema ambayo mumewe aliyafanya kwa upendo wa Mungu. Mwenzi wako ndiye anayejua mahali unapouma kuliko watu wote. Ujuzi huo alipewa ili akutunze.

La tatu: angalia walichofanya baada ya ugomvi. Katika sura ya 3, Tobiti analia na kusali peke yake, akimwomba Mungu amchukue afe. Sasa fungua sura ya 8. Mwanawe, Tobia, usiku wa arusi yake anamwamsha Sara wasali pamoja. Somo hilo limo katika orodha ya masomo ya Misa ya ndoa, na huenda lilisomwa siku yenu. Kila mmoja akisali upande wake wa kitanda, sala ni njema. Lakini ni vigumu kushika mkono wa mtu, kumwita Mungu pamoja naye, kisha kuendelea kumwita mwizi.

Basi tufanye nini? Chagueni siku moja kila mwezi, watoto wakiwa wamelala. Anzeni kwa Baba Yetu. Andikeni katika daftari moja pesa zote zilizoingia, za mume na za mke, hata za kuuza mayai. Andikeni karo, chakula, sadaka, mchango wa chama na madeni. Msisahau mikopo ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na mikopo ya M-Shwari mwaka 2012, mtu anaweza kukopa akiwa kitandani na mwenzake asijue. Deni la siri huleta maswali, na maswali huleta uongo. Patana pia na mwenzako juu ya kiasi ambacho hakuna atakayekipita bila kumwambia mwingine.

Hata sheria ya nchi inataka maelewano. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza mume au mke katika ndoa ya mke mmoja kuuza, kukodisha au kuweka rehani mali ya ndoa bila idhini ya mwenzake. Ikiwa serikali inadai hivyo kwa shamba, je, sisi tuliofunga agano mbele ya altare?

Lakini kama pesa zinaishia katika pombe au kamari, au kama swali la pesa linajibiwa kwa ngumi, usikae na siri hiyo ukidhani ndiyo uvumilivu wa Kikristo. Tafuta kwanza mahali pa usalama, kisha mwendee padre, wasimamizi wenu wa ndoa au wazee wa Jumuiya Ndogo Ndogo.

Mwishoni, katika sura ya 5, Tobiti anamtuma mwana wao safari ya mbali kuchukua fedha alizokuwa ameziweka kwa mtu. Ni Ana yule yule anayelia na kusema kwamba fedha si kitu mbele ya mtoto, na kwamba riziki waliyojaliwa na Bwana inawatosha. Huyo ndiye mwanamke aliyeshukiwa kuiba mbuzi!

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni lini mara ya mwisho nilipomshukuru mwenzangu kwa alicholeta?
2. Kuna deni ambalo mwenzangu halijui? Nitamwambia lini?
3. Ni neno gani huwa nalitumia kumchoma? Niko tayari kuliacha?

Mungu abariki nyumba zenu.