Jukwaa Lenye Mlango na Jukwaa Lisilo na Mlango: Suala la Hadhira katika Ushairi wa Uanawake Kusini mwa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kinachotokea katika lugha ya ushairi wa uanawake pale unapohama kutoka hadhira iliyochaguliwa kwenda hadhira ya kila mwenye masikio. Kwa kurejelea mazingira ya kata ya Chinongwe, wilayani Ruangwa, pamoja na mifano ya waambao, tunatoa hoja kwamba jukwaa la wazi halikumpa mwanamke sauti ambayo hakuwa nayo, bali limebadili masharti ya sauti hiyo. Mabadiliko hayo yanaonekana katika matumizi ya nafsi, hali ya kitenzi na mafumbo.

1.0 Utangulizi

Katika miji mingi ya Afrika ya Mashariki siku hizi zipo jioni za mashairi ambapo yeyote anayetaka hupanda jukwaani, akashika kipaza sauti, na kughani alichokitunga. Miongoni mwa wanaopanda ni wanawake vijana wanaosema juu ya uanawake wenyewe: hedhi, ndoa, uzazi, kipigo, kazi isiyolipwa, na furaha ya kuwa jinsi walivyo. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni la kuigwa kutoka ng'ambo. Wako pia wanaolishangilia wakidai kuwa mwanamke wa Kiafrika ndiyo kwanza amepata pa kusemea.

Kauli zote mbili zina kasoro moja. Zinachukulia kwamba kabla ya kipaza sauti palikuwa na kimya. Anayeifahamu kusini ya Tanzania hawezi kulikubali hilo. Chinongwe ni kata ya wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, ambao kwa desturi huhesabu ukoo upande wa mama, na ambao lugha yao, Kimwera (P22 katika uainishaji wa Guthrie), ni jirani wa karibu wa Kiyao (P21) na Kimakonde (P23). Katika eneo hili lote unyago ni taasisi ya zamani, na ndani ya unyago wanawake wametunga, wameimba, wamecheza na kufasiri mashairi ya uanawake kwa vizazi vingi. Kwa hiyo swali la msingi si kama mwanamke alikuwa na jukwaa. Swali ni: nani aliruhusiwa kumsikia?

2.0 Unyago kama jukwaa lenye mlango

Mulokozi (1989), katika kuainisha tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kuwa utanzu hauwezi kutambuliwa kwa maneno yake pekee. Lazima pia kuzingatia fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Tukiupima unyago kwa vigezo hivyo, tunapata tukio kamili la kisanaa. Yupo kungwi, mwenye mamlaka ya kufundisha. Yupo mwali, anayefundishwa. Wapo wanawake waliokwisha pita, ambao huitikia, hucheka na hukosoa. Ipo ngoma. Na zaidi ya yote upo mlango: wapo wasioruhusiwa kuingia, yaani wanaume na wasichana ambao hawajafikia wakati.

Mlango huo ni sehemu ya maana ya wimbo. Fumbo linaloimbwa ndani hueleweka kwa sababu waliomo wamefunuliwa ufunguo wake, au watafunuliwa kabla hawajatoka. Likiimbwa nje, maneno hubaki yaleyale lakini ufunguo haupo. Anayelisikia atalichukua kama upuuzi au kama matusi.

Suala la mlango huu lina historia. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alisafiri kutoka Lindi kwenda Masasi na Newala, akiwa na fonografu ya silinda za nta na chombo cha kupiga picha za sinema. Alirekodi nyimbo na kushuhudia sehemu za unyago. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Alice Werner. Huo ni mlango uliofunguliwa na mtu wa nje. Miaka michache baadaye, huko Masasi, Vincent Lucas wa misheni ya UMCA alianza kuutia jando katika sura ya Kikristo, na Ranger (1972) ameeleza jinsi jambo hilo lilivyokuwa na ugumu zaidi upande wa wasichana. Jambo hili halishangazi. Jando liliweza kusimamiwa na padri ambaye ni mwanamume. Unyago ulimtaka abaki nje.

3.0 Waliotoka nje

Wapo wanawake waliovusha ushairi wao mlangoni kwa hiari yao, na kila mmoja alilipa gharama yake.

Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utendi wake mwaka 1858 kama wasia kwa bintiye. Anaanza kwa kumwita asogee karibu, kisha anamtaka ashike wino na karatasi. Hadhira ni mtu mmoja, tena ndani ya nyumba. Lakini kuelekea mwisho wa beti zake 102 mshairi anageuka na kuwataka wanawake kwa jumla wausome na kuuelewa. Hapo nafsi ya pili umoja inakuwa nafsi ya pili wingi, na chumba kinapanuka. Asichoweza kukitawala ni kwamba mwaka 1934 utendi huo ungetolewa Uingereza na huyohuyo Alice Werner pamoja na William Hichens. Tangu ulipowafikia wasomaji wa namna hiyo, mgogoro wa tafsiri haujaisha. Mulokozi (1975) aliuona kuwa sauti ya tabaka lililotawala. Biersteker (1991) alitaka tuyasikie maneno yake kama ya mwanamke anayemfundisha mwanamke mwenzake namna ya kuitumia lugha mbele ya mwenye nguvu. Tunaona kwamba tofauti yao inatokana kwa kiasi kikubwa na suala la hadhira: wa kwanza anausoma utendi kama tamko, wa pili kama siri iliyosikika nje.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Santuri haina mlango. Inapigwa mkahawani na sebuleni, mwenyewe hayupo. Katika nyimbo zake mnatajwa mikasa ya mjini, pamoja na mauaji ya mwanamke katika wimbo maarufu wa Kijiti. Bibi Titi Mohammed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba mjini Dar es Salaam, mwaka 1955 alivipitia vikundi vya ngoma vya wanawake kuviingiza katika TANU (taz. Geiger 1997). Hakuhitaji kufundishwa kusema hadharani. Alihamisha ustadi aliokuwa nao tayari. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi na pia mwimbaji wa majukwaa ya kimataifa. Unyago alioufundisha Unguja una asili yake bara, miongoni mwa watu wa kusini waliopelekwa visiwani, wengi wao utumwani. Fair (1996) ameonyesha jinsi unyago ulivyowaunganisha wanawake wa asili mbalimbali huko.

4.0 Isimu ya hadhira

Tutazame sasa jinsi lugha yenyewe inavyobeba tofauti hii. Nyimbo za unyago hazitanukuliwa hapa, kwa sababu zitakazoelezwa katika sehemu ya 5.0. Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala haya tu:

(1) a. Mwanangu, funika chungu.
    b. Nimechoka kufunika chungu.
    c. Tunafunika chungu cha nani?

Mfano (1a) una umbo la mafundisho. Kitenzi kiko katika hali ya kuamuru, nafsi ni ya pili umoja, na msemaji ana haki ya kuamuru kwa sababu ya umri na kupita kwake. Neno chungu halihitaji maelezo ikiwa msikilizaji yumo ndani. Mfano (1b) una umbo linalopendwa jukwaani: nafsi ya kwanza umoja na hali ya timilifu. Mamlaka hapa hayatokani na cheo bali na yaliyompata msemaji. Hamwamuru mtu, anajishuhudia. Lakini kwa kuwa wasikilizaji hawakupewa ufunguo, inambidi aufumbue mwenyewe ndani ya shairi, au akubali kila mmoja atie chake chunguni.

Mfano (1c) ndio wenye utajiri zaidi. Kiambishi tu- cha Kiswahili hakibainishi kama anayesemeshwa amejumuishwa au ameachwa nje. Ndani ya unyago utata huo haupo, kwani waliopo wote ni sisi. Jukwaani, mwanamume aliyeketi mstari wa mbele analazimika kuamua kama yumo. Akijihesabu yumo, swali linamhusu. Akijihesabu hayumo, huenda yeye ndiye nani wa swali hilo. Hivyo utata wa kisarufi unageuka kuwa nguvu ya kisanaa, na nguvu hiyo imeletwa na hadhira mchanganyiko.

Aidha, viambishi vya nafsi vya Kiswahili havitofautishi jinsia. Alinipiga hakituambii aliyepiga wala aliyepigwa ni wa jinsia gani. Katika maandishi, shairi laweza kuuficha uanawake hadi ubeti wa mwisho. Jukwaani haliwezi: mwili na sauti vimekwisha sema kabla ya neno la kwanza. Mhakiki anayefanya kazi na matini iliyonukuliwa tu hulikosa jambo hili.

5.0 Mamlaka na wajibu

Hatari ziko mbili. Ya kwanza ni kuzitwaa nyimbo za ndani na kuzipandisha jukwaani kama burudani. Hadhira isiyo na ufunguo husikia viuno na matusi. Elimu hubaki mlangoni. Kwa sababu hiyohiyo mtafiti anayechapisha nyimbo hizo bila ridhaa ya makungwi anarudia kazi ya fonografu ya 1906.

Hatari ya pili ni kuutumia usiri kama ngao ya kila jambo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama. Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo, Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo Oktoba 2019. Suala la lini mwali ni mtu mzima halikuweza kumalizwa ndani ya mlango. Lilihitaji kusemwa mbele ya wote. Mradi wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwemo Penina Mlama, ulijengwa juu ya msingi huohuo: msichana wa shule ayataje matatizo yake kwa sanaa, mbele ya wenye uwezo wa kuyatatua.

Kwa hiyo binti wa Chinongwe anayesoma sekondari anasimama kati ya majukwaa mawili. La kwanza linampa ujuzi na jamaa ya wanawake, lakini linamtaka anyamaze nje. La pili linampa haki ya kusema mimi, lakini haliwajibiki kwake akishashuka. Kumtaka achague moja ni kumpunguzia.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kuwa tofauti kati ya ushairi wa unyago na ule wa jukwaa la wazi si tofauti ya ukale na usasa, bali ni ya hadhira, na kwamba inaweza kufuatiliwa katika nafsi, hali ya kitenzi na fumbo. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mkusanya data aandike nani alikuwepo wakati wa utendaji na nani hakuruhusiwa, kwa uangalifu uleule anaotumia kuandika maneno. Pili, utafiti wa Kimwera kuhusu eneo hili ufanywe na wanawake wenye lugha hiyo, kwa mashauri na makungwi, ambao ndio watakaoamua kipi kitoke na kipi kibaki. Wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta mada wana kazi hapa, na si ya kuahirisha, kwani makungwi wanazeeka.