Yule Msamaria Alikuwa na Usafiri



Mpendwa kijana, kabla hujaendelea fungua Biblia yako, Luka 10:25-37. Najua unaikumbuka tangu mafundisho ya Kipaimara, ila isome tena polepole, hasa aya ya 34 na 35. Mimi nilizipita miaka mingi bila kuona kwamba mle ndani kuna safari ya gari la wagonjwa.

Nianze na aibu yangu. Nikiwa mwaka wa pili wa falsafa, nilipanda basi Iringa kwenda Morogoro. Tukiteremka Mlima Kitonga tukakuta lori limelala na gari dogo liko chini yake. Abiria tukashuka. Nilikuwa na rozari mfukoni na simu mkononi, na nilichotumia ni simu. Nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu, nikaandika "tuwaombee". Siku mbili baadaye nikasikia kuna familia ilijua msiba wake kupitia picha za magrupu. Waliitambua nguo kabla hawajapigiwa simu na mtu yeyote. Sikuuliza ilikuwa picha ya nani. Niliogopa jibu.

Mwaka wa kichungaji nikapangiwa Mbeya. Kaka mmoja wa VIWAWA pale parokiani ni dereva wa gari la wagonjwa, na kwa ruhusa ya wakubwa wake nikakaa naye zamu moja nzima.

Saa 12 asubuhi anakagua breki, matairi, mafuta, king'ora, machela kama inajifunga vizuri. Halafu mtungi wa oksijeni. "Frateri, ukiukuta mtupu ukiwa Umalila, utaujaza na nini?" Baada ya hapo tukakaa. Kukaa kwelikweli! Hadi saa 8 mchana tulikuwa tumempeleka mzee mmoja kwenye kipimo na kumrudisha, basi.

Saa 8 na nusu simu ikaita. Huenda umesikia habari za m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mhudumu wa zahanati anapiga 115 bila malipo, kituo cha mkoa kinauliza hali ya mgonjwa na kutafuta gari. Ambulensi ikiwa mbali, anaitwa dereva wa kawaida wa eneo lile aliyesajiliwa, naye analipwa. Siku ile gari lilikuwa sisi.

Umalila ni viazi, ukungu na matope. Tulimkuta mama amejifungua, mtoto mzima, lakini damu haikati. Nesi akapanda naye nyuma, tukaanza kushuka kuelekea Mbalizi, na yule kaka akawa anaendesha taratibu. Nikashindwa kuvumilia: "Kaka, kanyaga!" Akanijibu bila kugeuka: "Nesi anatafuta mshipa huko nyuma. Nikikanyaga hapa kwenye mashimo, sindano inaingia wapi?"

Nilikuwa nimefanya mtihani mzima kuhusu Mtakatifu Tomaso wa Akwino na fadhila ya busara. Nilifaulu vizuri tu. Ila sikuwahi kuiona busara ikishika usukani namna ile, mtu anapenda na bado anapunguza mwendo.

Kwenye lami akawasha king'ora. Iwambi foleni ya malori ilitupisha nusu nusu, na bodaboda wawili wakajificha nyuma yetu ili wapate njia (Mungu awasamehe). Tukafika Meta. Nesi akaeleza hali, karatasi zikasainiwa, mlango ukafungwa. Mimi nikabaki nimesimama pale nikisubiri habari. Yeye alikuwa ameshatafuta ndoo na klorini.

"Atapona?"

"Mara nyingi hatuambiwi, Frateri. Shika brashi."

Tulisugua damu karibu nusu saa.

Sasa rudi kwenye aya zile. Msamaria anasafisha majeraha, anayafunga, anampandisha majeruhi kwenye mnyama wake. Maana yake yeye anatembea kwa miguu. Kesho yake anatoa dinari 2, yaani mshahara wa kibarua wa siku 2 (linganisha na Mathayo 20), anamkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni na kuondoka. Anaahidi kurudi, ila Yesu hasimulii kama yule mtu alipona. Mtakatifu Kamili wa Lellis, askari wa zamani na mcheza kamari, alielewa kazi hii: mwaka 1595 ndugu zake wenye msalaba mwekundu kifuani walihudumia majeruhi vitani Hungaria, zaidi ya miaka 250 kabla ya shirika la Msalaba Mwekundu kuanzishwa.

Kwa kikao cha wiki hii jadilini: katika ajali ya mwisho uliyoikuta, ulifanya nini na mikono yako? Yule kaka anaomba mambo machache tu. Msimvute majeruhi mikono na miguu kama gunia, shingo yake inaweza kuwa imevunjika. Mwacheni alipo, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine. Bandikeni kitambaa safi panapotoka damu na kukandamiza bila kuachia. Mmoja asimame mbali kuzuia magari. Na piga simu: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji, 115 kwa mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga. Ziandike sasa hivi, kabla hujafunga ukurasa huu.