Inua Jamii: Mnapoishi wawili, nani huhesabiwa?

Kila usajili wa Inua Jamii unapotangazwa, kuna swali linalorudi kwenye mabaraza ya machifu, mara nyingi kwa sauti ya chini baada ya watu kuanza kutawanyika. Anayeishi na mume, mke au mpenzi aseme nini mbele ya afisa? Wapo wanaomficha mwenzao wakihofia kukatwa jina. Wapo pia wasiojitokeza kabisa kwa sababu mwenzao tayari analipwa. Wote hupoteza, na kosa ni lile lile: kuchanganya hesabu mbili zilizo tofauti.

Inua Jamii ni mpango wa Serikali ya Kitaifa, si wa kaunti. Unahudumia wazee, mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, na watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kuhudumiwa kila wakati. Malipo ni Sh2,000 kwa mwezi. Kinachobadilika kutoka kundi moja hadi jingine ni nani anayehesabiwa, mtu au nyumba.

Kwa wazee, anayehesabiwa ni mtu. Hapo awali mpango uliangalia umaskini wa nyumba nzima, lakini mwaka 2018 mlango ulifunguliwa kwa kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 na ambaye hapokei pensheni. Basi mzee wa miaka 74 akiwa analipwa, na mkewe naye akatimiza 70, mama huyo ana haki ya kujiandikisha kwa kitambulisho chake mwenyewe. Jina la mume haliwezi kumsimamia. Akina mama wengi wamekaa nyumbani wakiambiwa "ya mzee inatosha", na hakuna aliyewaeleza kwamba hizo ni pesa za mzee, si za wawili.

Mke wa mstaafu wa serikali naye asijifungie mlango. Ajiandikishe, aeleze wazi pensheni inaingia kwa jina la nani, kisha aache afisa aamue. Na ieleweke kwamba kuandikishwa si kuanza kulipwa kesho yake. Nafasi hutegemea bajeti, na wengine husubiri muda mrefu.

Kwa mayatima hesabu ni nyingine. Hapa hulipwa nyumba inayowalea watoto, kupitia mlezi aliyeandikishwa. Kiasi ni kile kile, wawe watoto wawili au sita. Nyumba ikishaingia katika kundi moja haitakiwi kulipwa tena katika jingine kwa mlango wa pili. Ndiyo maana maafisa huuliza kwa kina nani anaishi hapo, nani ana kazi, paa ni la nini, maji yanatoka wapi.

Ni hapo ndipo mpenzi hufichwa. Chukua mfano wa mama anayelea watoto watatu wa marehemu dadake. Mwaka jana amehamia kwake mwanamume mwenye bodaboda. Hawajafunga ndoa, wala mahari haijatajwa. Siku ya usajili mama anasema anaishi peke yake na watoto, na moyoni anaona hajadanganya, kwa kuwa "huyu si mume wangu".

Lakini swali halikuwa la ndoa. Katika sensa, nyumba huhesabiwa kuwa watu wanaoishi pamoja, wanaopika na kula chungu kimoja, na wanaomtambua mkuu mmoja wa nyumba. Cheti cha ndoa hakimo katika maana hiyo. Njoo-tukae ya miezi minane yenye chungu kimoja ni nyumba moja. Kwa upande mwingine, mume aliyeondoka miaka mitatu iliyopita na haleti hata unga hawezi kuhesabiwa kwa sababu tu cheti kingali sandukuni.

Majina hupelekwa pia mbele ya wananchi ili wayathibitishe, na jirani anayeiona bodaboda ikilala uani kila usiku hatanyamaza. Mama akikanushwa hadharani, si yeye tu anayeaibika. Watoto watatu waweza kukosa nafasi ambayo huenda wangeipata hata kama mwanamume huyo angetajwa. Kuwa na mwenzi mwenye kipato kidogo cha kubahatisha si sawa na kuwa na uwezo. Kipato hicho kitajwe kilivyo, pamoja na siku ambazo pikipiki hukaa bila mafuta.

Wawili wakiachana, pesa za mayatima huwafuata watoto, si kadi. Mlezi akiondoka na kadi huku watoto wamebaki kwa nyanya yao, nyanya aende kwa chifu au kwa ofisi ya ulinzi wa jamii ya kaunti ndogo kuomba mlezi abadilishwe. Aende na kitambulisho chake na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, akiwa navyo.

Jambo la mwisho ni zito kulisema katika nyumba ya matanga. Mwenzi anayelipwa kama mzee akifariki, malipo yake hayarithiwi. Mjane anayeendelea kuchukua pesa kwa kadi ya marehemu anafanya kosa, hata kama kwa miaka mingi ni yeye aliyekuwa akitumwa kuzichukua. Kifo kiripotiwe kwa naibu wa chifu mapema. Na siku hiyo hiyo, ikiwa mjane ametimiza miaka 70 na hajawahi kuandikishwa, aulizie usajili wake mwenyewe. Usajili ni bure, na anayedai "ya chai" ili kuingiza jina aripotiwe.