Maswali ya kutambua usonji: Funzo kutoka Hong Kong

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiona ndege ikipita juu ya nyumba, hunyoosha kidole angani kisha humgeukia mamake. Hataki apewe ndege hiyo. Anachotaka ni mama naye aione. Ishara hii ndogo, ambayo wazazi wengi hawaitilii maanani, ni miongoni mwa mambo ambayo madaktari huyatafuta kwanza wanaposhuku kwamba mtoto ana usonji.

Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri jinsi mtoto anavyohusiana na watu, anavyowasiliana na anavyocheza. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoweza kuuonyesha. Daktari hulazimika kumtazama mtoto na kuwasikiliza wanaomlea. Kwa kuwa wataalamu wa kazi hiyo ni wachache, kumebuniwa orodha fupi za maswali ya kuwachuja watoto, ili wanaohitaji kuonwa na mtaalamu wajulikane mapema.

Je, maswali yaliyotungwa Uingereza na Marekani yanaweza kuaminiwa kwa mtoto wa Kichina? Usonji ulielezwa na Dkt Leo Kanner nchini Marekani mwaka wa 1943. Nchini China, Dkt Tao Guotai wa mji wa Nanjing aliripoti watoto wa kwanza mwaka wa 1982, nao walikuwa wanne tu. Kwa hivyo nyenzo nyingi za kuutambua zilitoka ng'ambo.

Orodha mbili zaunganishwa

Orodha ya Uingereza, iitwayo CHAT, ilitolewa mwaka wa 1992. Ina maswali 9 kwa mzazi na mambo 5 ambayo mhudumu wa afya humtazama mtoto akiyafanya. Baadaye ilibainika kuwa na kasoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2000, baada ya kufuatilia zaidi ya watoto 16,000, yalionyesha kwamba ilikuwa imewanasa karibu 4 tu kati ya kila watoto 10 wenye usonji. Mwaka wa 2001, Wamarekani walitoa orodha yao, M-CHAT, yenye maswali 23 ya mzazi peke yake.

Dkt Virginia Wong na wenzake wa Hong Kong waliziunganisha. Walichukua maswali 23 ya Marekani na sehemu ya kumtazama mtoto ya Uingereza, wakaiita CHAT-23. Vilevile, badala ya mzazi kujibu "ndiyo" au "la", alipewa ngazi za majibu, kuanzia tendo lisilotokea kamwe hadi lile linalotokea mara kwa mara. Mzazi ambaye mtoto wake hufanya jambo kwa nadra hakulazimika tena kubahatisha.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2004. Walichunguzwa watoto 212 ambao akili zao zilikuwa za umri wa miezi 18 hadi 24. Umri wa akili si sawa na umri wa kuzaliwa, kwani mtoto anayechelewa kukua anaweza kuwa na miaka mitatu na bado akafanya mambo ya mtoto wa miezi 20. Kati yao, 87 walikuwa na usonji na 125 hawakuwa nao.

Ilidhihirika kwamba maswali 7 ndiyo yaliyotofautisha makundi hayo vizuri zaidi. Yalihusu mambo kama vile kumwonyesha mwingine kitu, kucheza kwa kuigiza, kupendezwa na watoto wengine, na kumtazama mzazi usoni anapokutana na jambo geni.

Mtoto aliposhindwa na maswali mawili kati ya hayo 7, alihesabiwa kuwa wa kushukiwa. Kwa kanuni hiyo, walinaswa watoto 81 kati ya 87 wenye usonji. Hata hivyo, watoto 29 wasiokuwa nao walinaswa pia. Katika sehemu ya pili, mchunguzi alimtazama mtoto mwenyewe. Je, anamwangalia mtu machoni? Anafuata kidole kinapoelekezwa? Anaweza kujifanya anamimina chai? Hapa walionaswa kimakosa walipungua hadi 11, lakini wenye usonji walionaswa pia walipungua hadi 64.

Ndipo watafiti wakapendekeza hatua mbili. Kwanza mzazi ajaze maswali, kisha mtoto anayeshukiwa atazamwe na mtu aliyefunzwa.

Chekeche si hukumu

Kuna jambo moja la kuangaliwa. Katika utafiti huo, watoto 4 kati ya kila 10 walikuwa na usonji. Mitaani hali si hiyo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba ni mtoto mmoja hivi kati ya kila 100. Tuseme maswali hayo 7 yaulizwe kwa watoto 1,000, na 10 kati yao wawe na usonji. Kwa viwango vile vile, watanaswa 9 kati ya hao 10, lakini watanaswa pia watoto 230 hivi wasiokuwa nao. Mzazi anayeambiwa kwamba mtoto wake ameshindwa na maswali hajaambiwa kwamba ana usonji. Ameambiwa mtoto aangaliwe zaidi. Wala mzazi wa mtoto aliyepita asijisahau, kwani hata Hong Kong watoto 6 walipenya.

Kwa hivyo, mzazi, usingoje orodha. Mtoto akifikisha mwaka mmoja bila kuitika jina lake, akifikisha miezi 18 bila kuonyesha kitu kwa kidole, au akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo, mpeleke kliniki mara moja. Huenda masikio yake ndiyo yenye shida, na hilo pia lafaa kupimwa. Ukiambiwa "atakuja kuongea tu", omba achunguzwe. Mtoto anayetambuliwa mapema huanza kufunzwa mapema kuwasiliana, na hiyo miezi haina fidia.