Kwa Nini Rangi Hudumu Kwenye Jiwe

Tuanze na tone la maji. Hapa Bariadi, tafuta tofali la kuchoma na kipande cha itale kilichomeguka karibuni, uviweke kivulini, kisha udondoshee kila kimoja tone moja. Tofali hulinywa papo hapo. Juu ya itale tone hubaki, linang'aa. Tofali limejaa vitundu vilivyoungana; itale ni fuwele zilizobanana, na maji karibu hayana pa kupenya.

Sasa tazama mbao. Mlango hugoma kufunga msimu wa mvua kwa sababu mbao hunywa unyevu zikavimba, kisha kiangazi zikasinyaa. Rangi iliyokauka juu yake haiwezi kufuata mwendo huo, hivyo hupasuka. Jiwe halisumbuki hivyo. Ndiyo maana karibu mwaka 1530, mjini Roma, Sebastiano del Piombo alianza kuchora kwa rangi za mafuta juu ya mawe. Yesu wake aliyebeba msalaba, kwenye jiwe jeusi bapa la aina ya vibao vya kuandikia vya shule za zamani, yupo Makumbusho ya Prado, Madrid. Mafuta yale hayakauki kama maji. Huvuta oksijeni ya hewani, molekuli zake zikashikana kama wavu na kuinasa rangi.

Kwetu kazi hiyo ni ya kale zaidi. Huko Kolo, wilayani Kondoa, wawindaji wa zamani walichora watu na wanyama kwa rangi nyekundu, na kwenye mwamba wenye michoro uitwao Mongomi wa Kolo watu hutambika hadi leo. Kanga nyekundu ikianikwa juani mara kwa mara hupauka, maana mwanga huvunja molekuli za rangi yake. Wekundu wa Kolo ni udongo wenye chuma kilichokwisha kuungana na oksijeni, ndugu wa kutu. Na kutu haishiki kutu tena! Mimi hilo hunistaajabisha kila ninapolifikiria.

Karibu zaidi na Bariadi, kwenye miamba ya Moru ndani ya Serengeti, kuna ngao za Kimaasai zilizochorwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, chini ya mwamba uliojitokeza kama paa. Ukifika, tafadhali usizimwagie maji ili zing'ae kwenye picha ya simu. Maji huyeyusha chumvi iliyomo kwenye nyufa ndogo za mwamba uliozeeka. Yakikauka, chumvi hugeuka fuwele chini ya rangi na kuibandua, gamba kwa gamba.