Akhwari baada ya Mexico



Wengi wetu tumesikia habari za John Stephen Akhwari kwenye semina za VIWAWA, iwe hapa Mbeya au Iringa. Mkimbiaji wa Mbulu, Olimpiki ya Mexico, Oktoba 20, 1968. Jiji lile liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko hata Mbeya mjini, na misuli ikaanza kumkaza mapema. Karibu na kilomita ya 19, katika kugombania nafasi, akaanguka, goti likateguka. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari alimaliza giza limeshaingia, 3:25:27, wa mwisho kati ya 57. Walioanza walikuwa 75.

Hapo mtoa mada hufunga daftari, tunapiga makofi, tunaenda kula.

Nisiwafiche, habari hiyo iliwahi kunikera. Nikiwa nasoma Iringa niliteguka goti kwenye mechi ya vigango. Kilichonishinda si maumivu, ni kurudi. Wenzangu walishazoea kucheza bila mimi. Nikakwepa mazoezi, kisha jumuiya, mwishowe nikawa nasali Misa ya kwanza ili tusikutane. Kumaliza ukichechemea huku unashangiliwa, sawa, hiyo ni siku moja. Kesho yake je?

Baadaye ndipo nikajua kipande ambacho semina hazisemi. Mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, Akhwari yuleyule alikimbia marathoni akawa wa tano, saa 2:15:05. Ni muda mzuri kuliko wa Wolde kule Mexico! (Kweli, Edinburgh haina mwinuko ule, lakini jamani.) Hakupata medali, wala hakukuwa na bandeji ya kututoa machozi. Labda ndiyo maana hatusimuliwi.

Wiki hii someni 1 Wakorintho 9:24-27 jumuiyani. Angalieni Paulo anavyokazia mazoezi, siyo taji tu. Halafu mjadili: nani kigangoni kwenu haonekani tangu alipofeli mtihani, alipoumia au alipopata mimba? Nani atapita kwake?

Kwangu alipita katekista, mpira kwapani. Kuhusu Misa hakugusa kabisa. Aliuliza tu kama goti linakunja.