SOMO: TAKA ZA FUNDI NI DHIMA YA NANI?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.). Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu mwanafunzi, mwaka mmoja wakati wa masika, mtaani kwetu Dar es Salaam, nyumba moja iliezuliwa na kuezekwa upya. Fundi alifanya kazi nzuri. Jioni akakusanya kifusi, vipande vya mbao na misumari yenye kutu, akavimwaga mtaroni. Usiku mvua ikanyesha. Maji yakakosa njia, yakaingia chumbani kwa bibi mmoja, yakamharibia unga na godoro. Asubuhi mjukuu wake akakanyaga msumari.

Fundi akasema: "Mimi nililipwa kuezeka." Mwenye nyumba akasema: "Mimi nimeshamlipa fundi." Bibi akabaki na hasara yake. Je, ni nani kati yao aliyesema kweli?

1. HUKUMU YAKE

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kuudhi njiani ni tawi la imani. Ikiwa kuondoa ni imani, basi anayekiweka afikiri yuko upande gani. Pia ametukataza kudhuru na kulipizana madhara.

Kazi ya fundi ni ijara. Katika ijara, kazi ijulikane na ujira ujulikane. Wanachuoni wanasema pia kuwa lililozoeleka kwa watu huwa kama lililoshurutizwa. Lakini mazoea ya kumwaga taka mtaroni hayawi hoja, kwani mazoea hayahalalishi madhara. Basi aliyemwaga ana dhima, na mwenye nyumba aliyeona akanyamaza naye hasalimiki. Hata sheria ya nchi, yaani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, imeweka msingi kwamba mchafuzi ndiye anayelipa.

2. KILA TAKA NA MAHALI PAKE

(a) Kifusi na matofali: hufaa kujazia mashimo na msingi, kwa idhini ya mwenye kiwanja.

(b) Misumari, vioo na vipande vya bati: vitiwe ndani ya kopo au ndoo, visichanganywe na taka za jikoni. Anayebeba taka hana macho ya kuona ndani ya mfuko. Msumari mchafu huweza kuleta pepopunda.

(c) Nyaya na mabomba ya zamani: shaba na chuma vina bei kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ni mali ya mwenye nyumba. Fundi asichukue bila ruhusa. Wala nyaya zisichomwe ili kupata shaba, kwani moshi wa plastiki ni sumu.

(d) Rangi, tina na dawa ya mchwa: visimwagwe kisimani, mtaroni wala chooni. Rangi iliyobaki ifunikwe vizuri, itumike kwingine au apewe jirani.

(e) Mbao zilizopakwa rangi au dawa: zisiwe kuni za kupikia.

(f) Mapaa ya zamani ya asbesto: yasivunjwe wala kukatwa ovyo. Vumbi lake huingia mapafuni na huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Aitwe mwenye ujuzi, na mamlaka iulizwe pa kuyapeleka.

3. TUFANYE NINI?

Kabla ya kazi kuanza, mzazi na fundi wakubaliane mambo matatu: nani atazoa taka, zitapelekwa wapi, na nani atalipa mkokoteni au gari. Gharama hiyo iingizwe kwenye bei tangu mwanzo. Mwenye nyumba asitake bei ya chini mno kisha akadhani taka zitaondoka zenyewe. Fundi naye asiahidi asichoweza. Kazi ikiisha, wote wawili wakague njia kabla ya malipo ya mwisho.

Nanyi wanafunzi, wengi wenu mtakuwa mafundi kesho. Fundi mwaminifu hujulikana kwa kazi yake, na pia kwa hali ya njia anayoiacha nyuma yake.

MASWALI

1. Taja mambo mawili yanayopasa kujulikana katika ijara.
2. Kwa nini mazoea ya mtaa si hoja katika somo hili?
3. Muulize mzazi wako: mara ya mwisho fundi alipokuja kwenu, taka zilikwenda wapi?

Wabillahi tawfiq.